Sista kahamishwa, kliniki nayo ikaenda naye

"Sista hayupo. Amepelekwa wodi ya wazazi."

Hivyo tu, kupitia dirishani, kisha yule kijana wa rekodi akarudi kwenye mafaili yake. Mamangu alikuwa nyuma yangu, mkoba kauning'iniza kwenye kiwiko maana asubuhi vidole vyake havikamati kitu, akauliza, "Kwani yuwarudi lini, mwanangu?" Kijana akasema kwa kweli hajui, hata yeye ameambiwa jana tu, tukae kwenye foleni ya medikali tutaonwa na daktari atakayekuwepo. Tukakaa. Foleni yenyewe ina watu wa presha, wa sukari, wa figo, wa kifua, wote benchi moja, na katikati yao nikaanza kuwatambua wenzetu wa rumatoidi, ule ugonjwa wa kuvimba viungo, wale akina mama ambao vidole vimelala vyote kuelekea upande wa kidole cha mwisho, mmoja baada ya mwingine anaenda dirishani, anauliza lile lile, anarudi na uso ule ule.

Daktari alikuwa kijana mpole, hana kosa. Akafungua faili, akauliza "Dawa zinaendelea vizuri?", mama akasema ndiyo, akaandika arudie zile zile, akapiga sahihi.

Hakumshika mkono.

Zimepita wiki sasa na bado linanikereketa.

Vidole vya sista

Mwenye mgonjwa wa rumatoidi nyumbani sina haja ya kumhadithia mwanzo ulivyokuwa. Ile miaka ya sindano za diklofenaki kila duka la dawa, ile miaka ya "ni baridi hiyo, usiguse maji", mbuzi ya kukunia nazi ikahamia kwangu, pete ya ndoa ikakatwa kwa sonara. Twende mbele.

Nataka niwaeleze alichokuwa akifanya yule sista, maana naona watu wengi, hata wa mle mle hospitali, wanadhani kazi yake ilikuwa kupima presha na kuita majina.

Alikuwa anaanza na mabega. Halafu viwiko, halafu vifundo vya mikono, halafu vidole kimoja kimoja, kwanza pale kwenye mafundo ya ngumi kisha fundo linalofuata, mkono huu na mkono ule, anamalizia magoti. Jumla viungo 28, ndivyo vinavyohesabiwa kwenye kipimo kinaitwa DAS28, kinachotumika nchi nyingi kujua kama ugonjwa umechachamaa au umetulia. Anabonyeza kwa kidole gumba mpaka ukucha wake mwenyewe unageuka mweupe, hiyo ndiyo kadiri ya nguvu inayotakiwa, ukibonyeza chini ya hapo hujapima na ukizidisha utamuumiza hata mtu mzima wa afya. Na wakati anabonyeza haangalii mkono. Anamwangalia mama usoni, kwa sababu mamangu ni wale watu ukiwauliza "inauma?" wanakujibu alhamdulillahi.

"Mama, alhamdulillahi yako naijua. Mimi nataka namba. Sufuri mpaka kumi."

"Sita basi. Andika sita."

Alikuwa na karatasi yake ya kupiga kopi, imechorwa mtu na viduara kwenye viungo, anatia alama mbili, ya maumivu na ya uvimbe. Anachukua na ile ESR ya maabara, kipimo cha damu cha kujua uvimbe mwilini, anachukua na namba ya mama mwenyewe, anapiga hesabu. Ikiwa chini ya 2.6 ugonjwa umelala, ikipita 5.1 umewaka. Mamangu hajasoma sana lakini alifika mahali akikaa tu kwenye kiti anauliza, "Leo nina ngapi?" na ikishuka anampigia simu khalati wa Malindi kumwambia.

Halafu kulikuwa na lile suala la saa.

Sisi twakaa Likoni. Kliniki inaanza saa moja asubuhi, kwa hiyo mama anaamka alfajiri, anaswali ameketi, anateremka ile ramp ya feri katikati ya watu wanaokimbilia kazini, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mwenye rumatoidi, maana viungo vinaamka vimekaza na kufunguka ni saa nzima, mara nyingine zaidi. Miaka yote tulienda hivyo na hakuna aliyeuliza. Sista aliuliza. "Mama, vidole vinakulegea saa ngapi?" Mama akasema hata saa tatu. "Basi wewe njoo saa nne, faili lako nitalitoa mimi." Ni jambo la dakika moja lakini lilibadilisha siku yote ya kliniki, na nikikumbuka madaktari wote waliopita kwenye lile faili sidhani kuna hata mmoja aliyeona kama hilo ni suala la matibabu.

Dawa ya Ijumaa

Methotrekseti, kwa wasioijua, ndiyo dawa ya kutuliza rumatoidi, na inamezwa mara moja kwa wiki. Wiki, sio siku. Mtu akiimeza kila siku kwa kukosea, mdomo unajaa vidonda, uboho unashindwa kutengeneza damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo hata kwenye nchi zenye hospitali za kung'aa. Daktari anaandika "once weekly" kwenye karatasi na mgonjwa anaenda zake.

Sista alimuuliza mama siku gani haiwezi kumpita bila kujua ni siku gani. Ijumaa, siku gani nyingine. Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika IJUMAA kwenye pakiti, herufi kubwa, na foliki, ile vitamini ya kupunguza madhara yake, akaiandikia siku yake mbali ili zisichanganyike. Ramadhani ilipokaribia mama akataka kuacha, sista akamwambia hii si dawa ya kukufunguza, meza usiku baada ya futari, mfungo wako uko salama. Vipimo vya ini na damu, mwanzoni kila baada ya wiki chache, baadaye kama kila miezi mitatu, alikuwa na daftari lake la kaunta ana majina ya wote na nani amechelewa. Daftari! Mfumo wote wa usalama wa dawa ile nzito ulikuwa kwenye daftari la kaunta lenye gamba jeusi.

Kisa kimoja nitakisema kirefu kwa sababu ndicho kilichonifungua macho.

Kuna mtu duka la dawa alimwambia mama hii ni dawa ya kansa. Uongo si uongo, methotrekseti ilianzia kwenye kansa kweli, katikati ya karne iliyopita, kisha ikaonekana kwa dozi ndogo inatuliza viungo, na Marekani ikaidhinishwa rasmi kwa rumatoidi mwaka 1988. Lakini mama alisikia "kansa" basi, akarudi nyumbani akanyamaza, na kila wiki akawa anameza foliki peke yake huku ile ya Ijumaa anaificha. Sisi hatukujua. Daktari aliona uvimbe umerudi akataka kuongeza dozi, yaani aongeze dozi ya dawa ambayo haimezwi. Sista akamwambia daktari subiri kidogo. Akaomba mkoba wa mama, akamwaga vidonge mezani, akahesabu.

Hakumgombeza. Akavuta kiti akakaa karibu, akasema, "Nani amekutisha?"

Wakazungumza muda mrefu. Mimi nilikuwa pale, nilichosikia ni mama anauliza maswali ambayo hajawahi kuuliza mtu, nywele zitatoka? ini litaoza? nitakufa nayo? na anajibiwa moja moja bila haraka, hata yale yenye jibu la "inaweza kutokea, ndiyo sababu twakupima damu". Ijumaa iliyofuata alimeza mbele yangu, bila kuambiwa.

Dada mmoja wa Kisauni, tulizoeana naye pale benchini, alinihadithia kwamba sista alimvutia pazia akamuuliza kama wanapanga mtoto. Hakuna aliyekuwa amemuuliza! Methotrekseti inaharibu mimba, unatakiwa uiache mapema kabla hujashika, na zipo dawa nyingine anazoweza kuhamishiwa mwanamke anayetaka mtoto, kama haidroksiklorokwini na salfasalazini. Akapelekwa kwa daktari, dawa ikabadilishwa. "Kwa daktari mwanamume ningeanzia wapi," aliniambia, "na nje ya mlango watu wanagonga."

"Ugonjwa mkubwa hivi, nesi?"

Hili ni la mjomba wangu. Na sitamcheka, maana mimi mwenyewe lilinikaa kichwani.

Madaktari bingwa wa viungo nchi hii ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Kwa hiyo nikawa nawaza: tunapewa nesi kwa sababu daktari hayupo, ndiyo hali ya sisi wa Pwani siku zote, wenzetu wanakula pilau sisi twapewa ukoko na kuambiwa ukoko ndio mtamu. Lingekuwa suala la bahati yetu mbaya tu ningeliacha.

Nikaenda kusoma, na nilichokikuta sikukitarajia.

Uingereza, ambako madaktari wapo, wamekuwa na manesi wa rumatoidi wenye kliniki zao wenyewe kwa miongo. Mji wa Leeds walishapima mwaka 1994, wagonjwa 70, nusu kwa nesi nusu kwa daktari, na wale wa nesi maumivu yalipungua, wakaujua ugonjwa wao zaidi, wakaridhika zaidi. Mwaka 2014 ikatoka tafiti kubwa zaidi, inaongozwa na mtafiti anaitwa Mwidimi Ndosi, wagonjwa 181, kliniki 10, wakafuatiliwa mwaka mzima kwa ile ile DAS28 ya sista wetu. Swali lilikuwa: je, ukiangaliwa na nesi unapata hasara? Jibu, hapana, ugonjwa ulidhibitiwa bila kuwa nyuma ya wale wa daktari, na kufikia katikati ya mwaka walioridhika zaidi walikuwa wa manesi. Wadenmark nao wakafuata wagonjwa 287 waliotulia, kwa miaka miwili, mambo yakawa yale yale. Na EULAR, ule muungano wa Ulaya wa magonjwa haya, mwaka 2012 wakatoa mwongozo maalumu kuhusu kazi ya nesi kwenye magonjwa ya viungo, wakaurudia tena 2018.

Kwa hiyo si ukoko. Wenye pilau yao nao wamechagua hivi.

Lakini sasa nikasoma tena, polepole, na hapo ndipo furaha yangu ikapungua. Manesi wa kwenye tafiti zile si nesi yeyote aliyekuwa karibu. Ni watu waliosomea viungo na kufanya kazi hiyo miaka, wana mgonjwa wao kwa saa yake, daktari bingwa yuko chumba cha jirani au kwenye simu, na ugonjwa ukiwaka njia ya kumfikia iko wazi. Wa Denmark waliwachukua waliokwisha kutulia. Na kugundua kwamba ni rumatoidi, kuanzisha dawa mapema kabla mifupa haijaliwa, hiyo bado ni kazi ya daktari, na miezi ile ya mwanzo ndiyo inayoamua vidole vitakuwaje miaka kumi mbele. Mtu akichukua tafiti zile akasema "basi tuwape manesi, ni rahisi", hajazisoma.

Sista wetu alijifundisha mwenyewe. Alikuwa anaangalia video, anasoma usiku, alikuwa na daktari mmoja bingwa anayekuja mara moja moja na akija anamfuata nyuma anauliza maswali. Alifika mbali kwa njia hiyo, wallahi, lakini hiyo si njia ya kuendesha kliniki.

Mbona ya ukimwi tuliweza

Kila nikisema haya kuna mtu ananiambia Kenya haiwezekani.

Imeshawezekana. Kliniki za ukimwi kwa miaka zimeendeshwa hivyo, mgonjwa aliyetulia akimwona nesi au klinikal ofisa, akipewa dawa za miezi kadhaa, ana faili, ana namba, akikosa siku yake anapigiwa simu. Hayo hayakushuka kutoka mbinguni, kulikuwa na mafunzo, kulikuwa na miongozo ya kitaifa, kulikuwa na pesa nyingi za wafadhili, na hilo la mwisho ndilo watu wanalikimbilia kama udhuru. Ndiyo, viungo havina mfadhili. Rumatoidi haiambukizi, haijazi wodi, haiui haraka, na wengi inaowashika ni wanawake, ambao kuumwa kwao mikono kunaonekana kama sehemu ya kazi ya jikoni (hapa nina hasira zangu, niacheni).

Lakini elimu ya kuendesha kliniki inayoshikwa na nesi tunayo. Iko jengo la pili.

Simu ya nani

Sasa nifike pale paliponinyima usingizi.

Sista alitoa namba yake. Yake mwenyewe, na bando lake. Mama akipata homa anatuma meseji, anajibiwa usimeze ya Ijumaa hii mpaka uonwe, njoo kesho. Mtu amenunua unga wa dawa ya viungo sokoni, ule unaoondoa maumivu siku mbili, uso umeanza kuwa duara, sista akiona picha tu anajua, maana unga wa namna hiyo umekutwa mara nyingi, nchi nyingi, umetiwa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, humo ndani, na anamwambia usikate ghafla, njoo nao hospitali. Uingereza hospitali nyingi wana laini ya simu kwa kazi hii hii, ya hospitali, ina saa zake, na anayeipokea ni nesi na analipwa kwa kuipokea.

Sisi tulikuwa tunasema, "Yule sista ana moyo." Wote benchini. Mama akimwombea kila swala.

Na ndiyo sababu walipomhamisha hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimefungwa. Kwenye rosta alikuwa nesi wa kliniki ya medikali, nukta. Zile dakika ishirini za kubonyeza vidole hazikuandikwa popote, daftari la kaunta si la serikali, simu si ya hospitali, kwa hiyo metroni alipotafuta mtu wa kuziba pengo wodi ya wazazi alimwona nesi mmoja anayeweza kuondolewa. Na wodi ya wazazi inahitaji watu kweli, simlaumu metroni, mwanamke aliye kwenye uchungu hawezi kusubiri. Angalau mtoto anayezaliwa anahesabiwa. Kidole ambacho hakikupinda utakihesabu vipi?

Siku hizi nikisikia mtu anasifiwa kwa moyo nauliza kwanza analipwa kwa kazi gani.

Ugomvi wetu nyumbani sasa hivi ni huu. Mama bado anamtumia picha za mikono, usiku, na sista bado anajibu, akitoka zamu ya kuzalisha amesimama usiku kucha. Nimemwambia mama aache, ile si kazi yake tena, yule mtu ana watoto wake. Mama ananiambia, "Yeye mwenyewe kasema nimtumie. Wewe wataka nimtumie nani?" Sina mtu wa kumtajia. Nanyamaza, na picha inaenda.

Barua

Tumeandika barua. Niliichapa mimi, akina mama wa benchini wakapunguza maneno yangu makali wakaongeza salamu. Wengine wanajua kuandika vizuri tu ila siku ile kalamu haikushikika, wakaweka dole gumba kwenye wino. Tumeomba nesi wa viungo aandikwe kwenye rosta kwa jina la kazi hiyo, apelekwe mafunzo, apewe nusu siku kwa wiki na chumba chenye pazia, simu ya hospitali, na daktari bingwa mmoja hata wa kwenye video anayemjibu akikwama. Atakayepewa akiwa ni yule yule tutashukuru, akiwa mwingine tutamzoea. Tumeomba pia saa nne badala ya saa moja. Hilo halina gharama yoyote, nikaliweka la kwanza.

Imepokelewa, imepigwa muhuri, nakala ninayo. Wamesema wataangalia.

Kliniki ya mama nyingine ni baada ya Idi. Ile karatasi ya mtu wa viduara nimeipiga kopi, nitaibana juu ya faili mwenyewe, na mama ameshasema daktari atakayekuwepo, akifungua tu faili, yeye mikono anaiweka mezani.